MATEKA, MFUNGWA NA MAHABUSU
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Tabora)



Tuliombwa tuchague jambo lenye faida kwa watu wa kalamu, nasi tumechagua maneno matatu ambayo wengi wetu tumeyaandika mara nyingi pasipo kuyatazama: mateka, mfungwa, na mahabusu. Yote matatu humtaja mtu aliyeshikwa na kuzuiwa asiende apendako, na kwa sababu hiyo watu huyachukua kana kwamba ni neno moja lenye kanzu tatu. Sisi twasema sivyo. Kila moja lina njia yake na umri wake, na karani aandikaye moja mahali pa jingine aweza kumwondolea mtu haki yake kwa tone la wino.

Tena hapana mahali pafaapo kuyaeleza maneno haya kuliko Tabora. Njia kuu ya misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Mpwapwa na Ugogo hata Unyanyembe, na toka hapa ikagawanyika, moja kwenda Ujiji na ziwa la Tanganyika, na nyingine kwenda Karagwe na Buganda upande wa kaskazini. Njia hiyo iliyapitisha maneno kama ilivyopitisha nguo, shanga na pembe za ndovu. Mengine yalipita tu. Mengine yalitua mizigo hapa yakakaa.

Tuanze na lililo la kale. Mateka latoka katika kuteka. Mwanamke huteka maji kisimani, na jeshi huteka mji. Katika yote mawili sikio la msemaji husikia jambo moja, yaani kujaza chombo na kuondoka nacho. Sasa tazameni umbo la neno. Mavuno ni yaliyovunwa; mapato ni yaliyopatikana; mazao ni yaliyotolewa na shamba; mateka ni yaliyotekwa. Hilo ni umbo la vitu viletwavyo nyumbani baada ya kazi. Wazee waliposema ya kwamba vijana wamerudi na mateka, neno lile moja liliingiza watu, ng'ombe, mbuzi na nguo, wala hapakuwa na haja ya kuwatenga. Hata leo twasema mateka mmoja na mateka kumi, na neno halibadiliki. Mteka yupo, lakini huyo ni yule atekaye, kama vile mteka maji. Siku hizi husikika watu wakisema mtekwa, na twaona ya kuwa wanafanya vema. Lakini katika usemi wa zamani mtendaji alipewa nafasi katika jamii ya watu, na mtendwa akahesabiwa pamoja na mavuno.

Mabwana, lugha haikulibuni umbo hilo kwa ukatili. Ilisema tu kilichoonekana njiani. Waarabu walijenga makao yao hapa Unyanyembe katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, na Burton na Speke walipofika Kazeh mwezi wa Novemba mwaka 1857, waliikuta biashara imekwisha kuota mizizi. Mali iliyotafutwa kwanza ilikuwa pembe. Lakini pamoja na pembe walikuja watu waliotekwa katika vita vya bara, na wengi wao walitoka Manyema, ng'ambo ya ziwa. Baadhi yao walipelekwa pwani. Wengine walibaki hapa hapa Unyanyembe wakilima mashamba ya Waarabu na ya watemi, na kujenga matembe yao. Yatupasa kukiri haya yote pamoja: walioteka walikuwa wa rangi nyingi na dini nyingi, na watu wetu wenyewe walikuwamo.

Hapa twataka kuondoa kosa moja linalorudiwa mara nyingi. Watu hudhani ya kuwa kila aliyebeba mzigo katika njia ile alikuwa mtumwa aliyefungwa. Si kweli. Wapagazi wengi wa njia ya kati walikuwa Wanyamwezi huru, waliojiandikisha kwa mshahara wa nguo, wenye viongozi wao na desturi zao, na waliojua kutua mizigo chini na kugoma mkataba ulipovunjwa. Wengine walikwenda pwani na kurudi mara nyingi maishani mwao, na safari ile ilikuwa kwao fahari ya ujana. Basi katika msafara mmoja waliweza kutembea watu wa namna mbili, mpagazi na mateka, jua lile lile likiwachoma. Mmoja alikuwa na mapatano, mwenzake hakuulizwa. Mmoja alichukua mzigo begani. Mwenzake alivikwa kongwa shingoni, yaani ule mti wenye panda uliofungwa nyuma ya kichwa ili asiweze kukimbia. Ndiyo maana jina la Bagamoyo, ambalo wengi hulieleza kuwa ni 'bwaga moyo', lina masimulizi mawili yanayopingana: kwa mpagazi ni kutua moyo kwa furaha ya kumaliza safari, na kwa mateka ni kuuacha moyo, maana mbele ni bahari. Jina ni moja, na tofauti ni hali ya yule alitamkaye.

Tena angalieni jambo la pili katika neno hili. Kiswahili kina desturi njema ya kukigeuza kitendo kwa kukirefusha kidogo. Ukifunga waweza kufungua. Ukiziba waweza kuzibua. Ukikunja waweza kukunjua. Lakini teka halina ndugu wa namna hiyo. Kutekua ni kung'oa au kubomoa, wala si kumrudisha mtu kwao. Kwa hiyo mtu aliyekuwa mateka hakuweza kufunguliwa tu na mambo yakaisha, bali alikombolewa. Na kukomboa ni kulipa. Wale waliorudi kwao walirudi kwa sababu ndugu walitoa ng'ombe au pembe, au misheni ilitoa nguo au fedha, kama walivyofanya Mapadre wa Roho Mtakatifu huko Bagamoyo, waliofungua kijiji chao cha watu waliokombolewa mwaka 1868. Tutalikumbuka neno hili mbele kidogo: mfungwa hufunguliwa, mateka hukombolewa. Wa kwanza hungoja siku. Wa pili hungoja bei.

Vita vilipozidi, hesabu ya mateka ilizidi. Mwaka 1871 Mtemi Mirambo wa Urambo aliifunga njia ya Ujiji kwa misafara ya Waarabu. Stanley, aliyekuwa akimtafuta Dk. Livingstone, aliingia vitani upande wa Waarabu, wakashindwa, naye akalazimika kuzunguka kwa njia ya kusini. Vita vile vilichukua miaka, na kila upande ulirudi na mateka. Mwaka 1873 Seyyid Barghash wa Unguja alikubali kuyafunga masoko ya watumwa, na mwaka 1876 akakataza misafara ya watumwa kuja pwani kutoka bara. Lakini amri ya Unguja huku bara ilichoka njiani kabla ya kufika.

Wapo walioona ya kuwa ni heri kufa kuliko kulichukua jina hili. Mwezi wa Januari mwaka 1893 askari wa Kidachi, wakiongozwa na Tom von Prince, ambaye watu walimwita Bwana Sakarani, walilivunja boma la Mtemi Isike wa Unyanyembe, aliyewapinga kwa muda mrefu. Isike alipoona adui wameingia ndani, aliiwasha baruti iliyokuwa imewekwa katika boma lake. Wanyanyembe hawajalisahau jambo hilo. Alikuwa mtemi, na alijua barabara maana ya mateka, kwa kuwa yeye mwenyewe alikuwa amewatia watu wengi katika hesabu hiyo.

Basi baada ya Isike neno la pili likapata nguvu katika nchi hii, nalo ni mfungwa. Si neno geni. Kiswahili kilikuwa nalo zamani sana pwani. Lakini hapa bara lilikuja na boma la serikali, na daftari, na askari wa zamu. Mfungwa ni mtu aliyefungwa, na umbo lake ni la watu: mfungwa, wafungwa, kama mtu, watu. Tazameni hatua hiyo. Mateka alikuwa katika ghala pamoja na mavuno. Mfungwa ametolewa ghalani akasimamishwa katika safu ya wanadamu. Amefungwa, naam, lakini ni mtu aliyefungwa. Tena kwa kuwa neno lake ni kufunga, ndani yake mna kufungua. Kifungo kina mwanzo na mwisho. Ukimwuliza mfungwa, "Una kifungo gani?" hukujibu kwa miezi, mateka huwezi kumwuliza hivyo, kwa maana hana mwezi wa kuhesabu.

Msidhani kwa kusema hivi twausifu utawala wa Wadachi. Neno lilikuwa bora kuliko kitendo. Wafungwa wa zamani zile waliunganishwa shingo kwa shingo kwa mnyororo mmoja, wakapelekwa kazini barabarani mbele ya macho ya watoto wao, hata watu wakaacha kusema gereza wakasema mnyororo. Na viboko viliitwa hamsa ishirini kama kitu cha kawaida cha sokoni, maana ishirini na tano ilikuwa hesabu iliyozoeleka. Mzee aliyewahi kuiona kongwa alipouona mnyororo, alikuwa na haki ya kuuliza ni kitu gani kilichobadilika. Jibu ni dogo, lakini si bure: palikuwa na karatasi. Katika karatasi ile paliandikwa jina, kosa, na siku ya kutoka. Mara nyingi kosa lilikuwa la uongo na hukumu ya haraka. Lakini neno lilikwisha kukubali ya kwamba pawe na kosa, na pawe na siku.

Kuhusu gereza nalo tuseme machache, kwa kuwa ndilo jumba la neno hili. Wanaelimu wengi wa lugha hulitoa gereza katika neno la Kireno igreja, maana yake kanisa. Huko Unguja, Waarabu wa Omani walipowaondoa Wareno mwishoni mwa karne ya 17, walijenga ngome mahali palipokuwa na kanisa lao, na ngome hiyo baadaye ikatumika kuwa kifungo. Jina likafuata kuta, likaacha ibada. Basi neno likapanda njia ya misafara likafika kwetu likiwa limekwisha kusahau lilikozaliwa. Twalitaja ili mjue ya kwamba nyumba yaweza kubadilisha kazi na jina likabaki, kama vile nyumba yaweza kubaki na kazi ile ile ingawa jina limebadilishwa. Karani mwenye akili hutazama kazi ya nyumba kabla ya kuliamini jina lililo mlangoni.

Neno la tatu ni mahabusu. Hili ni la Kiarabu, latoka katika kuzuia na kushikilia. Zamani pwani lilikuwa sawa na mfungwa, na wasemaji wengi hawakuyatenga. Lakini mahakama zilipoenea, lilipewa kazi yake maalumu, nayo ni kazi ya thamani sana: mahabusu ni yule aliyeshikwa, akawekwa ndani, lakini shauri lake halijakatwa. Mfungwa amekwisha kusikia hukumu, mahabusu aingoja. Mfungwa amepimiwa siku zake. Mahabusu bado ana haki ya kutoka leo hii akiwa mtu safi. Hawa wawili hula chakula kimoja, hulala chini ya dari moja, na pengine hufungiwa kwa kufuli moja. Kwa macho huwezi kuwatenga. Kitu kiwatengacho ni neno lililoandikwa na karani.

Hapo ndipo lilipo jambo la leo. Kama mahabusu akiandikwa mfungwa, hukumu imekwisha kutolewa na mtu asiye hakimu. Askari akisoma daftari humpeleka katika kazi ya wafungwa. Mkubwa akisoma orodha hatamwuliza shauri lake limefika wapi, maana mfungwa hana shauri. Na ndugu zake wakija dirishani huambiwa ya kuwa yao yamekwisha. Hakuna aliyekusudia ubaya. Ni neno moja tu. Na wahenga walisema, mwenye kovu usidhani kapoa.

Sasa tuwaletee mfano mmoja, na mfano huu ni wa mji huu wetu, tena wahusu chama cha watu wa namna yetu. Vita Vikuu vya kwanza vilipoanza mwaka 1914, Wadachi waliwashika raia wa nchi zilizopigana nao. Wamisionari wa Kiingereza waliwekwa kizuizini, na hatimaye wengi wakaletwa Tabora. Pamoja nao walishikwa Waafrika: walimu na watu wa misheni ya U.M.C.A., waliodhaniwa kuwa wapelelezi wa Waingereza kwa kuwa walisoma shule zao na kuijua lugha yao. Wengine kati yao walitiwa minyororo. Mmoja wa Waafrika walioletwa Tabora alikuwa Mbondei, mzaliwa wa Mbweni huko Unguja mwaka 1891, aliyesoma Kiungani, na jina lake Martin Kayamba.

Twawauliza, mabwana: Kayamba aliandikwa nani? Mateka hakuwa, maana hakushikwa akiwa na bunduki vitani. Mfungwa hakuwa, maana hapakuwa na kosa lililothibitishwa mbele ya hakimu. Mahabusu hakuwa, maana hapakuwa na shauri aliloliongojea. Maneno yote matatu yalimkataa, na bado mlango ulikuwa umefungwa. Mtu asiye na neno lake katika daftari ndiye mtu wa hatari kuliko wote, kwa sababu hapana kanuni inayomlinda. Kanuni zilikuwapo wakati ule. Katika mapatano ya The Hague ya mwaka 1907 mataifa yalikwisha kukubaliana ya kwamba askari aliyetekwa yumo mikononi mwa serikali ya adui, wala si mali ya yule aliyemshika. Ya kwamba atendewe kwa utu. Na ya kwamba pawe na ofisi yenye karatasi ya kila mmoja, ili habari zake zipatikane. Tazameni safari ya neno mateka! Lililokuwa jina la mavuno limepewa daftari, na kila mmoja karatasi yake. Mtekaji hana tena haki ya kuuza wala ya kudai bei. Lakini mwalimu Mwafrika, asiyekuwa askari, alisimama nje ya karatasi hiyo.

Tarehe 19 Septemba mwaka 1916 jeshi la Wabelgiji chini ya Jenerali Tombeur, ambalo askari wake wengi walikuwa Waafrika wa Kongo, liliingia Tabora, na waliofungiwa humu wakafunguliwa. Kayamba alikuwamo. Baadaye aliingia katika kazi ya serikali ya Waingereza, akawa karani mkuu Tanga, na mwaka 1922, huko huko Tanga, akaongoza kuundwa kwa chama cha kwanza cha watumishi wa serikali Waafrika katika Tanganyika. Mwaka 1931 alikwenda London kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge kuhusu shauri la kuziunganisha nchi za Afrika ya Mashariki. Habari za maisha yake, na za kifungo chake, aliziandika mwenyewe, zikachapwa mwaka 1936 katika kitabu kilichokusanywa na Bibi Margery Perham.

Hatusemi ya kwamba chama kilizaliwa gerezani. Lakini twasema hivi: mtu aliyekwisha kukaa mahali ambapo hapana neno lake, hujua faida ya watu kuwa na jina, na orodha, na katibu wa kuandika barua kwa niaba yao. Tena mwaka ule ule wa 1922 ndipo ilipotoka sheria ya kuufuta utumwa katika Tanganyika. Mambo haya mawili hayakupangwa yaende pamoja, lakini lugha imeyaunganisha. Mtumwa ni aliyetumwa, na mtumishi ni atumikaye. Yote mawili ni wana wa kutuma. Mmoja hutumwa pasipo kuulizwa. Mwenziwe hutumika kwa mapatano, kama yule mpagazi huru aliyetembea kando ya mateka. Chama cha watumishi ni ukuta uliojengwa kati ya maneno hayo mawili, na kila ukuta wataka kutazamwa usije ukabomoka.

Wala msidhani ya kuwa bwana mmoja alikuwa mwovu na mwingine malaika. Askofu Frank Weston wa Unguja, aliyewatetea walimu wake, aliandika mwaka 1918 kijitabu cha kuushtaki utawala wa Wadachi, na katika jina la kijitabu hicho akawaita watu wetu watumwa wa Wadachi. Haikupita miaka miwili, mwaka 1920, akaandika kingine kuwashtaki Waingereza wenyewe kwa ajili ya kazi ya kulazimishwa katika Afrika ya Mashariki. Tunamheshimu kwa jambo hili, ya kwamba alilitumia kipimo kimoja kwa nyumba ya jirani na kwa nyumba yake.

Baada ya miaka hiyo limekuja neno la nne, na lazima tulitaje, ingawa halina uzee wa mengine. Neno hilo ni kizuizini. Katika Kenya, toka mwaka 1952 hata mwaka 1960, maelfu ya watu waliwekwa kizuizini kwa amri ya serikali ya Waingereza pasipo kuhukumiwa na mahakama. Na kwetu Tanganyika, mwaka mmoja tu baada ya Uhuru, mwaka 1962, Bunge letu wenyewe lilipitisha sheria iliyompa mkuu wa nchi uwezo wa kuamuru mtu azuiwe pasipo kushtakiwa. Linganisheni neno hili na yale ya kwanza. Kizuizi ni kitu kilichowekwa njiani. Ni neno la upole, halina mnyororo wala kongwa. Lakini ulizeni: kosa lake ni lipi? Halikuandikwa. Siku yake ya kutoka ni ipi? Haikuandikwa. Basi ni neno jipya lenye roho ya zamani, kwa kuwa laturudisha kwa mtu asiye na mwezi wa kuhesabu. Upole wa neno usitudanganye. Kongwa ilionekana kwa macho na kila mpita njia aliweza kuilaani. Neno la upole hupita mezani pasipo kelele.

Tushukuru pia kwa lililo jema. Haki za raia zilipoingizwa katika Katiba ya nchi yetu mwaka 1984, iliandikwa ndani ya ibara ya 13 ya kwamba mtu aliyeshtakiwa asitendewe kama mwenye hatia mpaka hatia hiyo ithibitike. Mabwana, hilo si jambo jingine ila kumtenga mahabusu na mfungwa. Tofauti ambayo karani aliweza kuifuta kwa uvivu, sasa imewekwa katika sheria iliyo juu ya sheria zote. Lakini Katiba haikai dirishani kupokea watu asubuhi. Akaaye dirishani ni karani.

Basi twataka kuwaachieni maswali manne, ambayo yafaa kila mmoja wetu ajiulize kabla ya kuandika neno lo lote la namna hii. La kwanza: ni nani aliyemshika mtu huyu, na kwa uwezo gani? La pili: je, pana shauri, na limekatwa au halijakatwa? La tatu: siku yake ya kutoka ni ipi, au siku yake ya kusikilizwa ni ipi? La nne: ni nani mwenye ufunguo, yaani ndugu zake wakitaka kuuliza, wamwendee nani? Kama shauri limekatwa na siku inajulikana, andika mfungwa. Kama shauri lipo lakini halijakatwa, andika mahabusu, na siku ya kusikilizwa uiandike kando ya jina lake kwa herufi zisomekazo. Kama ni mtu wa vita, andika mateka, ukijua ya kuwa neno hilo leo lina sheria nyuma yake. Na kama maswali yote manne hayana jibu, usitafute neno zuri la kulifunika pengo. Liache pengo lionekane, kisha mwandikie mkubwa wako kwa adabu ukimwuliza jibu, na nakala ya barua uiweke. Pengo lililo wazi huuliza swali kila siku jalada lifunguliwapo. Pengo lililofunikwa halimwulizi mtu.

Wapo watakaosema ya kwamba haya ni makubwa kuliko cheo chetu, na ya kuwa karani huandika aambiwalo. Twajibu hivi. Misafara ile ya zamani ilikuwa na waandishi wake pia, waliojua kuhesabu pembe, majora ya nguo na vichwa. Hesabu zao huenda zilikuwa sawasawa hata nukta ya mwisho. Kilichokosekana humo si usahihi wa tarakimu. Ni jina la mtu. Katika maelfu ya watu waliopita hapa Unyanyembe wakiwa na kongwa shingoni, ni wachache mno ambao majina yao twaweza kuyataja leo. Waliotajwa ni wale waliokutana na mtu mwenye kalamu aliyeona vema kuwauliza, "Jina lako nani, na kwenu ni wapi?"

Swali hilo halina cheo. Karani wa daraja la chini kabisa aweza kuliuliza, wala halimgharimu serikali hata senti moja. Twawaomba mlipeleke ofisini kesho.

Tumekoma hapo, Bwana Mwenyekiti. Kama yupo mwenye swali au nyongeza katika habari za maneno haya, hasa wazee wenyeji wa Unyanyembe, tuko tayari kumsikiliza.